Baba kapata kiharusi na CRP iko juu: je, damu inaweza kusema kama atapona?

Swali la msomaji: "Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, alipata kiharusi siku nane zilizopita. CT ilionyesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno hayatoki vizuri. Siku ya pili CRP ilikuwa 48. Jana mashine ya hospitali ilikuwa mbovu, tukapeleka damu maabara ya nje, ikaja 11.2, tukamshukuru Mungu imeshuka. Lakini kwenye FBP nyutrofili ni 9.6 na limfosaiti 1.2, halafu ESR ni 70. Nimesoma mtandaoni kwamba NLR ikizidi 5 mgonjwa hapati nafuu. Ni kweli? Turudie vipimo kila wiki? Kuna dawa ya kushusha huo mcharuko? Tangu juzi anakohoa kidogo akinywa chai. Picha za karatasi nimeziambatisha." (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana na kuuguza. Kwa wasomaji wengine: CRP na ESR ni vipimo vya damu vinavyopanda mwili ukiwa na mcharuko, FBP ni hesabu ya chembe za damu, nyutrofili na limfosaiti ni aina mbili za chembe nyeupe za kinga, na NLR ni ya kwanza kugawanywa kwa ya pili.

Kabla ya NLR, chukua ile karatasi ya maabara ya nje uangalie kilichoandikwa pembeni ya 11.2. Kwenye picha uliyotuma pameandikwa mg/dL. Karatasi ya hospitali imeandikwa mg/L. Desilita ni sehemu moja ya kumi ya lita, kwa hiyo 11.2 mg/dL ni sawa na 112 mg/L. CRP ya baba haijashuka kutoka 48 kwenda 11. Imepanda kutoka 48 hadi 112, na huku mzee anakohoa akinywa chai. Mambo hayo mawili yakikutana, usingoje raundi ya kesho. Nenda kwa daktari wa zamu leo na karatasi zote mbili mkononi, umwonyeshe vipimio (mg/L na mg/dL), umweleze kikohozi kilianza lini na kinatokea wakati gani.

Siwezi kusema ni nimonia bila mtu kuyasikiliza mapafu yake. Ila hilo ndilo la kwanza kutafutwa. Baada ya kiharusi, misuli ya koo mara nyingi hulegea upande mmoja, au hukawia kujikunja, na chai, uji au hata mate huteremkia kwenye njia ya hewa. Wakati huohuo kinga ya mwili huwa imezimwa kwa muda, maana ubongo uliojeruhiwa huamsha homoni za msongo, hasa kotisoli, na limfosaiti hupungua. Bakteria wa mdomoni wakifika kwenye mapafu ambayo hayana ulinzi wa kutosha, nimonia huanza ndani ya siku chache. Nyingi hutokea katika wiki ya kwanza.

Kwa hiyo tangu sasa hadi apimwe koo, asipewe kitu chochote kwa mdomo: si chai, si maji, si vidonge. Waambie na ndugu wanaokuja kumwona na chupa ya uji, maana hapo ndipo mambo huharibika mara nyingi, mtu kwa upendo anamnywesha mgonjwa aliyelala chali. Omba muuguzi au mtaalamu wa kumeza amfanyie kipimo cha maji. Mgonjwa awe macho kabisa, aketi wima kama aliye kitini, mdomo ukiwa umesafishwa. Hupewa kijiko kimoja cha chai cha maji. Muuguzi huweka vidole kwenye koromeo kuhisi kama linapanda, kisha humwomba atoe sauti, "aaa" tu, au agune kama maneno hayatoki. Sauti ikibadilika ikawa ya majimaji, kama ya mtu anayesukutua, maji yamekaa juu ya nyuzi za sauti. Vijiko vitatu vikipita salama ndipo hujaribiwa maji ya kikombe, kama mililita 90. Kikohozi, sauti ya majimaji, au kupumua kwa kasi hatua yoyote ile, kipimo kinasimama, na atawekewa mpira wa kulishia kupitia puani. Jua pia kwamba wapo wanaopaliwa kimyakimya bila kukohoa hata kidogo, hivyo kutokukohoa peke yake si kibali cha kumlisha.

Mpira wenyewe hauzuii nimonia yote, kwa sababu mate bado yanateremka. Ndiyo maana kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 au zaidi, asilazwe chali mara tu baada ya kulishwa, na meno na ulimi visafishwe angalau mara tatu kwa siku hata kama hali chakula kwa mdomo. Kazi hii ya mdomo inaonekana ndogo na huachwa. Msiiache.

Sasa tuzungumzie hizo namba, maana umeuliza jambo la msingi.

Mcharuko ni mwitikio wa kinga pale tishu inapoumia. Mshipa ukiziba, seli za ubongo zinaanza kufa ndani ya dakika, na seli za kinga zinazoishi kwenye ubongo huamka. Ndani ya saa hadi siku chache nyutrofili huingia kutoka kwenye damu. Baadaye huja makrofaji kuondoa mabaki ya seli zilizokufa. Njiani seli hizi hutoa kemikali ya kuita wenzao iitwayo interlukini-6. Hiyo ikifika kwenye ini, ini hutengeneza CRP kwa wingi. Kwa hiyo CRP inatoka kwenye ini, na ini halijui kama aliyeita ni ubongo, pafu, kibofu, kidonda cha mgongoni au malaria. Linachojua ni kwamba limeitwa.

CRP huanza kupanda saa kama 6 baada ya kichocheo, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na kichocheo kikikoma hupungua nusu kila baada ya saa 19 hivi. Fanya hesabu ya kawaida: 48 ya siku ya pili, kama kilichoipandisha kilikuwa kiharusi peke yake, ilitakiwa kufikia siku ya saba iwe imeteremka sana. Tena 48 yenyewe ni kubwa kidogo kwa kiharusi kitupu, huenda pafu lilikuwa limeshaanza kulalamika. Namba moja inasema kidogo. Mwelekeo wa namba mbili tatu, zikiwa kwenye kipimio kimoja na ikiwezekana mashine moja, ndio unaosema mengi. Basi kila mara andikeni kwenye daftari tarehe, saa, namba, kipimio, na jina la maabara.

NLR si kipimo kinachohitaji fedha ya ziada. Ni nyutrofili ugawanye kwa limfosaiti kutoka kwenye FBP ileile. Ya baba ni 9.6 kugawanya kwa 1.2, yaani 8. Angalia tu usichanganye safu: karatasi ina safu ya idadi na safu ya asilimia, na ukigawanya idadi ya moja kwa asilimia ya nyingine utapata jibu la ajabu. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi yuko kati ya 1 na 3. Baada ya kiharusi hupanda kwa njia mbili kwa mpigo, nyutrofili juu, limfosaiti chini kwa sababu ya kotisoli niliyoitaja.

Hiyo 5 uliyoisoma inatoka kwenye tafiti ambazo nyingi zimefanywa China na Ulaya. Kuna jambo ambalo kurasa nyingi za mtandaoni hazilisemi, nalo linatuhusu sisi moja kwa moja. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara hawana alama iitwayo Duffy juu ya chembe nyekundu. Kutokuwa nayo huwakinga na malaria ya vivax, lakini pia huwafanya wawe na nyutrofili chache kwenye damu bila ugonjwa wowote. Mtu mwenye afya kabisa anaweza kuwa na nyutrofili chini ya 1.5. Maana yake mstari uliochorwa kwa Wachina au Wazungu hauwezi kuhamishiwa Morogoro kama ulivyo. Kwa mtu ambaye kawaida yake ni nyutrofili 2, kufika 9.6 ni mruko mkubwa. Kama mna FBP yake ya zamani nyumbani, hata ya miaka miwili iliyopita, ileteni. Itamsaidia daktari kuliko kiwango chochote cha kitabuni.

Kuna kitu kingine cha kuangalia kwenye chati ya dawa, nacho ni dexamethasone. Dawa hiyo na wenzake wa jamii ya steroidi hupandisha nyutrofili, hushusha limfosaiti, na huweza kuishusha CRP, kwa hiyo namba zote unazoziangalia zinapinda. Haina faida kwenye kiharusi cha mshipa kuziba, na inapandisha sukari. Ukiikuta imeandikwa, uliza kwa heshima inatibu nini.

Je, ni kweli kwamba mcharuko ukiwa juu mgonjwa hapati nafuu? Ukichukua wagonjwa elfu moja, ni kweli kwamba wale wenye CRP, interlukini-6 au NLR kubwa, kwa wastani, huwa na hali mbaya zaidi miezi mitatu baadaye. Hilo limerudiwa mara nyingi na silipingi. Lakini sababu kubwa ni kwamba kiharusi kikubwa huua tishu nyingi, na tishu nyingi iliyokufa huita mcharuko mwingi. Namba ya damu inakueleza tena kitu ambacho mkono uliolegea umeshakueleza. Mwaka 2009 watafiti wa Edinburgh walichapisha utafiti uliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 800. Interlukini-6 ilikwenda sambamba na matokeo mabaya, lakini walipoiongeza kwenye hesabu ambayo tayari ilikuwa na umri na hali ya mgonjwa kitandani, utabiri haukuboreka kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo kwa mgonjwa mmoja aliye mbele yetu, NLR ya 8 siyo hukumu. Wapo wenye 8 wanaotembea baada ya miezi mitatu, na wapo wenye 2 wasiotembea.

Nami nasema wazi: thamani kubwa ya vipimo hivi wodini ni kuonyesha kuna moto unaowaka leo ambao unaweza kuzimwa leo. Nimonia, maambukizi ya mkojo, mshipa wa dripu uliovimba, kidonda cha kulalia, damu iliyoganda mguuni. Hivyo ndivyo vinavyomnyima mgonjwa nafuu. Kwa hiyo CRP 112 iwafanye madaktari wamkague baba kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu: wahesabu pumzi kwa dakika nzima, wapime oksijeni kidoleni, wasikilize mapafu, wapige picha ya kifua, wapime mkojo, wafunue bandeji ya dripu, wamgeuze waangalie mgongo, makalio na visigino, walinganishe unene wa mashavu ya miguu. Kama amewekewa mpira wa mkojo, uliza kila siku kama bado unahitajika. Mpira uliosahaulika ni mlango wa bakteria. Na kwetu pia apimwe malaria, maana nayo hupandisha CRP vizuri sana.

Antibayotiki zianze maambukizi yakionekana. Msiombe zianze "kwa kuzuia". Tafiti mbili kubwa za mwaka 2015, moja ya Uholanzi yenye wagonjwa zaidi ya 2,500 na nyingine ya Uingereza yenye zaidi ya 1,200, zilijaribu kuwapa wagonjwa wa kiharusi antibayotiki kabla ya maambukizi. Ile ya Uholanzi haikuboresha hali ya wagonjwa, na ile ya Uingereza haikupunguza hata nimonia yenyewe.

Kilichosaidia ni jambo la kiuguzi, la kawaida sana. Hospitali 19 za New South Wales, Australia, zilifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Nusu zilifundishwa kufuata mambo matatu kwa siku tatu za kwanza: homa ikifika 37.5 itibiwe kwa parasetamoli, sukari ipimwe mara kwa mara na ishushwe ikipanda, na koo lipimwe kabla ya chakula. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42 kwenye hospitali hizo, na asilimia 58 kwenye nyingine. Hakuna kipimo cha mcharuko hapo, wala dawa mpya. Siku tatu za kwanza za baba zimepita, lakini yote matatu bado yanamhusu. Mwe na kipimajoto chenu, mpime kila baada ya saa nne, muandike. Parasetamoli ya mtu mzima ni gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na kwa sasa isipite mdomoni. Wauguzi wanajua njia nyingine.

Kama unataka kitu cha kukuonyesha mkono unakokwenda, acha karatasi uangalie vidole. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 188 waliopimwa mambo mawili tu siku ya pili ya kiharusi: kunyoosha vidole na kuinua mkono kando kutoka begani. Walioweza vyote viwili, hata kidogo, walikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kurudisha kiasi fulani cha kazi ya mkono baada ya miezi sita. Wasioweza, asilimia 25, na waliokuwa bado hawawezi siku ya tisa, asilimia 14. Hakuna kipimo cha damu kinachokaribia hapo.

Fanya hivi taratibu, baba akiwa ameketi au kitanda kimeinuliwa. Weka mkono wa kulia juu ya mto, kiganja kikitazama chini, vidole vikining'inia ukingoni. Mwonyeshe kwa mkono wako mwenyewe, usitegemee maneno, kwa sababu kiharusi cha upande wa kushoto kinaweza kuwa kimegusa na uelewa wa lugha. Mwombe ainue vidole. Usiangalie kama anavikunja. Kukunja hurudi mapema na huwadanganya ndugu wengi, wakifurahi kwamba "amenishika mkono". Angalia kunyoosha, hata kama ni kidole kimoja kimepanda nusu sentimita. Kisha mwombe asogeze kiwiko mbali na ubavu, nawe uguse bega kwa vidole vyako uhisi kama msuli unakaza. Andika ulichokiona na tarehe. Ukiona mjongeo wowote wa kunyoosha, mwonyeshe mtaalamu wa fiziotherapia siku hiyohiyo. Hata asipoonyesha kitu, mazoezi yanaendelea, na mguu na usemi vina ratiba yao. Usemi hasa huweza kuendelea kurudi kwa miezi mingi.

Kuhusu kurudia vipimo, kila wiki haina mantiki. Wakati maambukizi yanatibiwa, CRP na FBP kila baada ya siku mbili au tatu zinatosha, kuona kama dawa inafanya kazi. CRP isiposhuka baada ya siku mbili tatu za antibayotiki, ndipo daktari hujiuliza kama dawa imekosea au kuna usaha mahali. Mgonjwa akishatulia, homa hakuna, anapumua vizuri, hakuna haja ya kuendelea kulipia namba. Interlukini-6 msiinunue, hata mkiambiwa ipo.

ESR nimeiacha nyuma makusudi. Inapanda polepole, inashuka kwa wiki, na inapandishwa na umri na upungufu wa damu. Kuna kanuni ya haraka kwa mwanamume: umri ugawanye kwa mbili, hivyo mwisho wa baba ni kama 32. Kwenye FBP yake himoglobini ni 10.1, yaani damu yake ni pungufu, na hiyo peke yake inachangia kuipandisha 70. Hata mrija wa ESR ukisimamishwa umeinama kidogo tu, jibu linapanda. Naitaja kwa sababu moja: mcharuko wakati mwingine ndio uliosababisha kiharusi. Kama baba alikuwa na homa za jioni, kukonda au maumivu ya kichwa ya wiki kadhaa kabla ya kuanguka, au aliwahi kuambiwa ana tatizo la vali ya moyo, lisemeni waziwazi. Maambukizi ya vali, kifua kikuu cha utando wa ubongo, kaswende na VVU vyote huweza kuleta kiharusi, na tiba yake ni tofauti kabisa. Wakishuku vali, damu ya kuotesha (kutafuta bakteria) ichukuliwe kabla ya antibayotiki ya kwanza, na moyo upigwe ultrasaundi.

La mwisho, dawa ya kushusha mcharuko. Kwa kiharusi hakuna iliyothibitika. Kolchisini ilijaribiwa kwenye tafiti mbili kubwa zilizotoka mwaka 2024. Moja, ya China, ilichukua wagonjwa zaidi ya 8,000 ambao CRP yao ilikuwa 2 mg/L au zaidi, yaani walewale waliotarajiwa kufaidika. Haikupunguza kiharusi cha pili ndani ya siku 90. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa dawa ya kuzuia chembe nyeupe zisiingie ubongoni, na wagonjwa walioipata waliishia na hali mbaya kuliko wasioipata. Haishangazi ukikumbuka kwamba mcharuko huohuo ndio unaoondoa mabaki na kuandaa ukarabati.

Msimnunulie diklofenaki wala ibuprofeni. Zinapandisha presha, zinaumiza figo na tumbo, na ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini yake isifanye kazi kwenye chembe sahani (zinazogandisha damu). Manjano na tangawizi kwenye mchuzi havina shida akisharuhusiwa kumeza. Vidonge na unga wa kukolea wa manjano muuzaji akisema "unaondoa mcharuko", viacheni, kwa kuwa vinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu akiwa kwenye aspirini.

Nenda kwa daktari wa zamu sasa. Ukirudi niandikie picha ya kifua imeonyesha nini, kipimo cha maji kimekwendaje, na kama umeona kidole chochote kikinyooka.